Kulaza Jamaa Msituni

Mafundi wanaosifiwa kwetu pwani ni wengi. Husifiwa mchonga milango, mshona kofia za viua, muunda mashua, mpishi wa pilau ya harusi. Sijapata kusikia akisifiwa mtu ajuaye kupiga kambi. Huenda ni kwa sababu kazi yake haikai: huisimamisha jioni, akaibomoa mwenyewe baada ya siku moja au mbili, na hapo alipoifanya hapabaki kitu cha kumwonyesha mgeni. Lakini ni kazi ya mikono na ya akili. Ina kanuni zake, ina waliobobea na wanaobahatisha, na mwanafunzi wake huchukua miaka kuiva. Mimi nimelala ndani ya kazi ya fundi wa namna hiyo, ubavu mmoja mtoto mdogo, ubavu wa pili mama yangu ambaye magoti yamemchoka, na nikapata usingizi ule wa nyumbani. Ndiyo maana naandika.

Kipimo changu cha kambi ni kimoja. Sitazami hema limenunuliwa kwa pesa ngapi, wala gari limeinuliwa kiasi gani kutoka ardhini. Natazama amelalaje aliye dhaifu kuliko wote. Kijana mwenye afya yake hulala popote. Mtupie mkeka chini ya mti, atakoroma mpaka jua limuamshe. Ukitaka kumjua fundi, mpe bibi wa miaka 70 na ushei, mpe na mtoto wa miaka mitatu, mpe msitu wenye ndovu na siafu, mpe jua linalotua saa kumi na mbili na nusu na giza lisilosubiri mtu. Kisha asubuhi waulize hao wawili wameamkaje.

Fundi wetu ni mjomba, mdogo wake mama. Ujana wake aliumalizia baharini, katika majahazi yaliyokuwa yakileta Mombasa boriti za mikoko kutoka Lamu. Baharia wa jahazi lililosheheni boriti hulala juu ya shehena, na mvua humkuta papo hapo alipo. Kwa hiyo hujifunza mapema kutandaza kitambaa kikamkinga, kufunga kamba gizani, na kupanga vyombo vyake mkono uvifikie bila taa. Mjomba alipoacha bahari hakuuacha ujuzi huo. Aliupandisha nchi kavu, akauingiza msituni, na sasa kila likizo ya Agosti jamaa yetu hufunga safari kwa magari mawili, pikapu yake mbele na Probox ya mume wangu nyuma, kutoka Likoni kwenda misitu ya kusini kisha ya kaskazini. Agosti ni mwezi mzuri. Masika yamekwisha, njia za msituni zimekauka, na kusi bado lavuma lakini hasira yake ya Juni imepungua.

Kambi huanzia ukumbini. Siku ya kupakia, mjomba hutandika jamvi, kila kitu kikawekwa juu yake mbele ya macho ya wote: mahema, vyandarua, mitungi ya maji, sufuria, mbuzi ya kukunia nazi, mfuko wa vifuu vikavu, panga, tochi, kamba. Maji huyahesabu kwanza. Kila mtu lita 5 kwa siku, za kunywa na kupikia; ya kuoga hayamo humo. Mitungi huwekwa chini kabisa, katikati ya pikapu, na yeye huiita farumi, kama ule mzigo wa mawe unaolituliza jahazi lisiyumbe. Juu yake huja mchele, unga, vyombo vya jikoni, halafu magodoro. Turubai na kamba ndizo za mwisho kupakiwa, juu ya kila kitu, karibu na mkono. Watoto walimuuliza kwa nini asiliweke turubai chini, maana ni zito. Aliwajibu kwa swali: tukifika na mvua imefika kabla yetu, ni kitu gani cha kwanza tutakachokitaka? Tangu hapo nimeona magari mengi yakifika kambini jioni, na jamaa wakishusha viti, meza, spika za muziki, sanduku la barafu, vyote vikilowa huku wakilitafuta hema lililo chini ya hivyo vyote.

Kituo chetu cha kwanza hatulali. Ni Kaya Kinondo, upande wa kusini wa Diani, msitu wa Wadigo wenye ukubwa wa hekta 30 hivi, uliozungukwa na hoteli na majumba ya likizo. Kabla ya kuingia hufungwa kaniki kiunoni, mkubwa kwa mdogo, na mwenyeji anayetuongoza hukumbusha masharti: hakuna kuchuma, hakuna kuokota, hata jani lililoanguka hubaki lilipoangukia. Nilipoanza kuwapeleka watoto nilidhani tunakwenda kuona miti na kusikia historia. Siku hizi naamini ndipo somo la kambi linapoanzia. Makaya ya Mijikenda hayakuwa mahali pa ibada tu. Yalikuwa miji. Kuanzia karne ya 16 watu waliishi ndani ya misitu hii, nyumba zao zikiwa katika uwazi wa katikati, msitu ukiwa ndio ukuta wao, na njia nyembamba za kuingilia zikijulikana na wenyewe. Walihama kidogo kidogo, na kufikia miaka ya 1940 nyumba zilikuwa zimebaki tupu, lakini wazee waliendelea kuilinda misitu. Mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza makaya kadhaa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa hiyo hapa watu walijilaza msituni, vizazi kwa vizazi, wazee na vitoto, na msitu bado upo. Miti yake bado imesimama. Fundi yeyote wa kambi angetamani kazi yake ishuhudiwe hivyo.

Inafaa kukumbuka misitu hii ni mabaki ya nini. Ukanda wa misitu ya pwani huanzia kusini mwa Somalia, ukapita Kenya na Tanzania, ukaishia Msumbiji. Zamani ulishikana zaidi. Leo ni vipande, vingine vidogo kiasi kwamba mtu huvimaliza kwa mguu kabla chai haijapoa, na katika vipande hivyo mna mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Anayelala ndani ya kipande kama hicho amekaribishwa kwenye chumba cha mwisho cha nyumba kubwa iliyobomoka. Hawezi kujinyoosha ovyo.

Kutoka Kinondo twarudi barabara kuu, tukakata kuelekea Kwale na kupanda Shimba.

Shimba Hills ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1968, na ndiko kuliko na palahala pekee waliobaki Kenya, wanyama ambao dume lao ni jeusi na pembe zake zimepinda nyuma kama jambia. Vilima vyake vimepita mita 400 juu ya bahari, na bahari yenyewe huonekana kutoka juu ikiwa hakuna ukungu. Chemchemi za Marere, zilizo humo humo, zimekuwa zikipeleka maji Mombasa tangu enzi za ukoloni. Watoto hucheka kila mwaka kwamba tumebeba mitungi kutoka mjini kuyarudisha maji kwao. Lakini Shimba humpima fundi kwa mambo ambayo mtalii wa mchana hayaoni. La kwanza ni mbung'o. Nzi huyu huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Madukani kwetu turubai nyingi ni za buluu. Mjomba alizunguka hadi akapata la kijivu, na watoto huvalishwa kaki au nyeupe tangu getini. La pili ni umande. Upepo wa bahari ukipanda vilima hivi hupoa, na alfajiri miti hudondosha maji kama kwamba mvua imenyesha, hata mwezi wa kiangazi. Hema lisilo na turubai juu yake huamka limelowa.

Sasa nieleze anavyochagua mahali, maana hapa ndipo ninapomvulia kofia.

Tukifika kambini, na hufika si zaidi ya saa kumi, hakuna anayeruhusiwa kushusha kitu. Mjomba huteremka peke yake, mikono nyuma. Hutazama juu kwanza. Tawi kavu lililonasa kwenye matawi mengine, ambalo upepo haujaliamua, latosha kumfukuza chini ya mti mzuri kuliko yote. Kisha hutazama chini. Majani makavu na vijiti vilivyojipanga mstari mmoja humwambia maji ya mvua iliyopita yalipita wapi, na hapo hataweka mtu. Hutafuta njia ya siafu, ule mfereji mwembamba uliolainishwa na miguu midogo isiyohesabika. Hutafuta kinyesi cha ndovu, akakivunja kwa kijiti kuona ukavu wake. Hunyanyua konzi ya vumbi akaiachia, ajue upepo waelekea wapi chini ya miti, maana chini ya miti upepo haufuati amri ya upepo wa juu. Na baada ya yote hayo, mzee mwenye mvi, aliyevaa kikoi kisafi, hujilaza chali ardhini. Hulala pale anapokusudia kumlaza dada yake. Hufumba macho. Hujigeuza ubavu, akageuza kichwa upande wa pili, akasogea kidogo, akaokota kijiwe kilichomchoma mbavuni na kukitupa. Akiinuka husema, kichwa huku, miguu kule, na hapo ndipo tunapoanza kushusha vitu.

Katika mahema, la mama husimamishwa kwanza na mengine hulizunguka. Mlango wake haukabili upepo, wala haukabili jiko. Mahema ya vijana huwa upande unakotoka upepo, yakavunja baridi.

Turubai ndilo jahazi lake. Kamba ya katikati, inayopita juu kutoka mti hadi mti, huiita henza. Ile ya pembe inayoshushwa upande wa pili wa upepo huiita demani, na watoto wameyashika maneno hayo kwa namna ambayo hakuna kitabu kingewafundisha. Mtini hutumia kamba ya makumbi, kwa kuwa haitelezi kwenye gome, na hutia kipande cha gunia katikati ili kamba isiukwaruze mti. Kila fundo lake hufunguka kwa kuvuta ncha moja. Nimemwona akimfundisha binti yangu: akamfumba macho kwa leso, akamwambia afunge, afungue, afunge tena. Fundo usiloweza kulifungua gizani, na vidole vimekufa ganzi kwa baridi, hilo si fundo, alisema, hilo ni tatizo ulilolifunga mwenyewe.

Usiku mmoja wa Shimba mvua ilikuja kutoka baharini bila kubisha hodi, ile mvua ya kusi ya mafungu mafungu. Niliisikia kwa mbali ikija juu ya miti, halafu ikatua. Mjomba alikuwa ameishusha pembe ya demani tangu jioni, na chini yake ameweka sufuria kubwa. Maji yalikusanyika, yakateremka kwenye pembe ile moja, yakaanza kujaza sufuria kwa mlio uleule usiobadilika. Hakuna aliyetoka. Hakuna aliyepiga kelele kutafuta tochi. Mtoto alijigeuza akaendelea kulala. Asubuhi mama aliyatia maji yale birikani akapika chai ya tangawizi.

Niseme pia juu ya kamba ya usiku, maana katika vyote ndiyo inayonigusa zaidi. Mtu mzima wa umri wa mama huamka usiku, pengine saa nane, pengine saa tisa, na choo cha kambini ni cha shimo, hatua kadhaa kutoka kwenye mahema. Msituni gizani, kwa macho yake, umbali huo ni safari. Angeweza kumwamsha mtu, na yeyote kati yetu angeamka kwa furaha. Lakini mama hapendi kuamsha watu kwa jambo kama hilo. Mjomba hakumuuliza. Alifunga kamba kwenye mti ulio karibu na mlango wa hema lake, akaivuta hadi choo, usawa wa kiuno cha mama, na kila baada ya hatua mbili akaning'iniza kipande cha kitambaa cheupe. Njia yote aliifyeka kwa mguu, akaondoa mizizi mikavu na vijiti. Jioni alimshika mkono, wakaifuata pamoja mara moja, kwenda na kurudi, kama ndugu wawili wanaotembea baraza. Hakusema ni ya nini. Naye mama hakuuliza. Usiku nilisikia zipu ya hema lake, nikaona mwanga wa tochi ukisogea taratibu kwenye vitambaa vyeupe, ukarudi.

Wapo wanaodhani ufundi huu ni vifaa. Madukani siku hizi mna mahema yanayofunguka yenyewe ukiyatupa hewani, majiko yanayokunjwa yakaingia mfukoni, taa zinazochajiwa kwa jua. Sina ugomvi navyo, na chandarua kilichotiwa dawa sikubali safari bila yake, kwa kuwa malaria ya pwani haina mchezo. Lakini hema linalojifungua lenyewe halijui siafu walipopita jana. Hakuna chombo kinachojua kwamba mama yako haoni vizuri gizani.

Jikoni ni himaya ya mama, na hapo mjomba hutii. Mbugani kuni haziokotwi, kwa hiyo hununuliwa njiani, mzigo wa mivinje kutoka kwa wakulima wanaoipanda, na vifuu tulivyoweka tangu nyumbani ndivyo vya kuwashia. Kifuu kikishika moto hakisitisiti. Hupikwa wali wa nazi na kunde, au viazi vya nazi, na asubuhi ya kwanza huliwa mahamri yaliyotoka nyumbani pamoja na mbaazi. Jiko hukaa upande upepo unakoelekea, mbali na mahema, na sheria moja haina msamaha: tunda haliingii hemani. Ndovu hulinusa embe au ndizi akiwa mbali, na hana desturi ya kufungua zipu. Nyani naye mchana kutwa huwa juu ya miti akihesabu makosa ya watu. Mabaki yote, hadi maganda, hufungwa na kurudishwa garini.

Kutoka Shimba kwenda kaskazini waweza kupita mjini, lakini sisi hupenda njia ya juu, Mazeras, Rabai, Kaloleni, tukateremkia Kilifi. Ni nchi ya minazi, na vilele kadhaa utakavyoviona vimevaa msitu mzito huku pembeni yake mashamba yamefika hadi ukingoni ni makaya. Watoto huhesabu. Hapo hununua madafu na kuni za mbele.

Arabuko-Sokoke ni msitu mwingine kabisa. Una kilomita za mraba 420 hivi, msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko wote uliobaki Afrika Mashariki, na mtu hupita pembeni mwake akienda Malindi bila kudhani kuna kitu cha ajabu. Umegawanyika kufuata ardhi. Upande wa bahari mna msitu mchanganyiko, ambamo mbambakofi hudondosha mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu. Katikati, juu ya mchanga mweupe usio na rutuba, imesimama mirihi iliyoachana nafasi, mwanga ukifika hadi chini. Magharibi udongo ni mwekundu, na miti yake ni mifupi, imesongamana, na ndani mna giza hata mchana. Mpita njia huona miti ikibadilika. Mpiga kambi huijua tofauti hiyo kwa vigingi. Kigingi kilichoshika barabara kwenye udongo wa Shimba, katika mchanga mweupe wa Sokoke hutoka kwa kuvutwa na vidole viwili. Hapa mjomba haangaiki na nyundo. Huwapa watoto mifuko mitupu ya unga, wakaijaza mchanga, wakaifunga shingoni kwa kamba ya hema, wakaizika kwenye shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, wakashindilia kwa miguu. Mfuko uliozikwa hivyo hauondoki hata upepo wa usiku ukilivuta hema. Ndio mchanga uleule uliokikataa kigingi.

Karibu na Gede, ambako kambi ipo, uko mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993. Wanaoishi kando ya msitu hufuga viwavi, wakauza pupa zake, zikasafirishwa hadi majumba ya maonyesho ya vipepeo nchi za nje. Mapato hayo hayapatikani pasipo msitu, kwa kuwa vipepeo wazazi na majani ya kulishia viwavi hutoka humo. Nimewasikiliza wafugaji wakieleza jinsi ya kumhamisha kiwavi bila kumgusa, wakikata jani analolikalia badala ya kumbandua. Nao ni mafundi.

Fundi wa kambi aliye bora kuliko binadamu wote, hata hivyo, huishi Sokoke, na kimo chake hakifiki goti. Ni sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama wa pua ndefu inayopindapinda, mwili wa rangi ya kahawia iliyokolea, na kiraka cha manjano mgongoni karibu na mkia kama alikalia rangi. Sehemu kubwa kabisa ya sange hawa waliobaki duniani imo ndani ya msitu huu. Hulala juu ya ardhi, si shimoni wala mtini. Hukwangua kishimo kifupi, akakitandika majani, akajifunika kwa majani mengine, na ukipita hapo huoni ila tandiko la majani kama yaliyotandazwa kila mahali. Hana kitanda kimoja. Huweka kadhaa katika eneo lake, akivihama baada ya siku chache, asije adui akakariri alipo. Na kazi ya kujenga huifanya zaidi mapema asubuhi, majani yakiwa bado na umande, kwa kuwa jani bichi la umande halipigi kelele.

Tulimwona asubuhi moja, mimi na binti yangu, tumeketi juu ya gogo hatusemi. Kwanza yalikuja makelele madogo ya pua ikipekua. Kisha akatokea kwenye njia, akasimama, akapiga ardhi kwa mkia, akaruka ruka akatoweka, na lile doa la manjano ndilo la mwisho kuonekana. Binti yangu alikaa kimya kwa muda. Halafu akauliza, kama asubuhi majani yana umande, kwa nini sisi husimamisha mahema mchana, majani yakiwa makavu na yenye kelele? Nilimpelekea mjomba swali hilo. Mjomba alilitafakari kwa heshima yake yote, akajibu kwamba sisi tunasafiri na watoto wachanga na wazee, na sange anasafiri peke yake.

Jioni tulimfuata kiongozi wa msitu kuelekea udongo mwekundu, tukamtafute bundi wa Sokoke, kiumbe wa sentimita 17 hivi, ambaye wanasayansi walimpa jina mwaka 1966. Kiongozi alipiga mluzi mmoja mfupi, akasubiri, akapiga tena. Jibu lilitoka kichakani kana kwamba limekuwa likingoja. Bundi alikuwa amekaa kwenye tawi la usawa wa macho yetu, rangi yake ya kijivu cha gome, akitutazama bila haraka. Kiongozi huyu alijua kila mti ambao bundi yule hukaa, na aliongea kwa sauti ya chini tuliyoizoea kwa mjomba.

Kung'oa kambi ni kazi ya namna yake. Huanzia ndani kwenda nje, na turubai ndilo la mwisho kushuka, kama lilivyokuwa la kwanza kupanda. Mifuko ya mchanga huchimbuliwa, ikamwagwa pale pale ulipotoka mchanga wake. Moto humwagiwa maji, ukakorogwa, ukamwagiwa tena, kisha mjomba huingiza mgongo wa mkono ndani ya jivu. Hatuondoki mpaka auache humo bila kusita. Katika msitu mkavu kama Sokoke kaa moja lililofichwa laweza kuuteketeza kuliko shoka za mwaka mzima, na kipimo hicho cha mkono huwafanyisha hata watoto, mmoja mmoja, wakalalamika kwa masizi. Nguzo za turubai hatukati kamwe. Miti imesimama tayari.

Likizo iliyopita mjomba alikaa ndani ya pikapu. Alimwambia binti yangu ateremke yeye, achague mahali. Msichana alitembea mikono nyuma, bila shaka bila kujua anamwiga nani. Alitazama juu, akatazama chini, akavunja kinyesi cha ndovu kwa kijiti. Alipolala chali mchangani nilimwona mama, aliyekuwa bado garini, akitabasamu na kufungua mlango kabla hajaitwa. Mahali alipochagua palikuwa pazuri. Mjomba alishuka akapakagua, akajilaza, akainuka, akasema tu, geuza kichwa kidogo, bibi yako hulalia ubavu wa kushoto.

Mwaka ujao tumekusudia kuvuka mpaka Lunga Lunga, tupite Tanga hadi misitu ya bondeni chini ya Usambara Mashariki, ambako bundi yuleyule wa Sokoke aligunduliwa kuwa anaishi pia. Mvua ya huko huja kwa wingi kuliko hii ya kwetu, na mjomba anasisitiza turubai la pili na henza ndefu zaidi. Binti yangu hakubaliani naye. Anataka turubai moja, lipandishwe juu zaidi upande wa upepo na demani iteremshwe karibu kugusa ardhi. Wameuchora mchoro nyuma ya kalenda ya jikoni, wakafuta, wakachora tena, na mama amewaambia wote wawili waongeze nafasi ya jiko.